Ziwa Lako Lisiloisha Visingizio

Mchumba wangu uliye Kanada,

Nimechoka na ziwa lako. Wacha niseme hilo kabla salamu hazijanilainisha.

Unakumbuka Ijumaa zetu za Al Wakrah, huku Qatar? Mimi nimetoka zamu ya hoteli, wewe umeegesha gari la bosi, tunakunywa chai ya karak kando ya bahari huku jasho likitutiririka. Ulisema utaenda kupikia shule huko kaskazini mwaka mmoja tu, kisha urudi upeleke wazee kwetu Bungoma. Nikakuuliza, "Na ukizoea?" Ukacheka. "Nani huzoea baridi?"

Kumbe huzoeleka. Sasa nikiuliza utakuja lini, napewa somo la jiografia. Ati kijiji kiko kisiwani, katikati ya ziwa. Ati barafu ikiwa changa, mashua haipiti na gari linazama, kwa hivyo nisubiri igande. Ikaganda, malori yakapita juu yake, na video ulinitumia mwenyewe! Nikasema haya, toka. Ukasema shule haijafunga. Shule ilipofunga, barafu ilikuwa imeanza kulainika na njia imefungwa. Mashua ziliporudi, ukapata kazi ya kupikia watalii wanaokuja kuvua samaki. Ghuba zake nazijua, visiwa vyake nimevihesabu, hata najua maji yake hunywewa bila kuchemshwa. Ziwa naweza kulichora. Sura yako ndiyo inaanza kunipotea.

Wenzangu wa chumba hapa Abu Hamour wameniita Bibi Ziwa. Nacheka nao, lakini inauma. Mama naye hupiga simu kuuliza wageni wake wamefika wapi. Namwambia barafu. Mtu wa Bungoma utamweleza barafu gani ya kuzuia posa? Juzi akauliza, "Mwanangu, hayo maji hayana pa kutokea?"

Nilirudia video zako zote. Yana pa kutokea. Upande wa kusini kuna mto unaotoka ziwani, na hata barafu ikiwa imeshika kila mahali, pale maji yanaonekana yakienda zake. Yanatoka mwaka mzima. Ni wewe tu usiyetoka.

Bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Lakini nimemwambia Mama asikungoje tena. Mkataba wangu ukiisha naenda nyumbani, na huko hakuna atakayeniuliza habari za barafu.

Usinitumie picha nyingine. Vaa soksi mbili.

Ni mimi,
aliyekuwa mchumba wako.