Nyama Ilivuka Mpaka, Habari Haikuvuka

Boke,

Naandika Kiswahili yetu ya soko, ile ulikuwa unaicheka. Wewe Mkurya, mimi Mjaluo, hakuna ingine tulikuwa nayo. Hata kugombana tuligombana nayo.

Nimekasirika. Tangu tukuzike nimekasirika.

Unakumbuka ule mguu wa ng'ombe kaka yako Chacha alituletea kutoka kwenu, upande wa Tanzania. Ng'ombe ilijifia yenyewe. Nyama haitupwi, na shemeji hasahauliwi. Ulifurahi. Ukakata ukiimba. Halafu kile kidonda cheusi mkononi. Ukasema, "Hakiumi, wacha kelele." Kweli hakikuuma. Kikakuua.

Hospitali ya Suna wakasema ni kimeta. Ugonjwa ya ng'ombe, inaingia mtu akishika nyama. Juzi ndio nimesikia daktari wa ng'ombe wa kule alijua mapema. Alikataza nyama kule sokoni kwao. Kijiji ya Chacha hakufika. Huku kwetu hakutuma hata neno.

Nikauliza ofisi yetu ya mifugo. "Mzee, hiyo ni mambo ya Tanzania." Nikavuka, nikauliza kule. "Marehemu ni wa Kenya." Wewe, Boke! Nikisimama kwa shamba yetu nirushe jiwe, naweza kupiga choo ya baba yako!

Uhuru sisi tumepata, wao wamepata. Simu iko. Lori iko. Ng'ombe inavuka, sukari inavuka, bibi arusi anavuka. Habari tu ndio haina njia.

Sasa sikia. Wiki hii ng'ombe ya jirani yetu Marwa imekufa. Damu puani, nyeusi, haigandi. Ameshaichuna, na mguu ameshatuma kwa wakwe zake, kijiji yenu. Nikakimbia ofisi. Bwana mkubwa akasema, "Tutawaandikia wenzetu." Kuandika! Nyama iko njiani, yeye anatafuta kalamu!

Unajua mimi ni kibarua ya barabara; nikaacha jembe ya serikali hapo hapo. Wanifute kazi. Nikamwambia Marwa aende hospitali mbio, mimi nikavuka.

Nikakuta wazee wamekaa, na Chacha ndiye ameshika kisu. Akaniona. "Mjaluo, umenusa nyama kutoka Kenya?" Wote wakacheka. Mimi pumzi imekwisha, siwezi kusema. Nikainua mkono, nikaonyesha pale kidonda yako ilikuwa.

Chacha akaweka kisu chini. Tukachoma ile nyama mpaka ikawa majivu, tukachimba shimo ndefu, tukafukia.

Boke, sitanyamaza. Nitakaa kwa mlango ya hao mabwana wawili, huku na kule, mpaka wakutane kwa lile jiwe ya mpaka waambiane ni ng'ombe gani imekufa, wapi. Wakiniita kichwa mbovu, sawa.

Lala, mama. Ukisikia ng'ombe imeanguka, huku ama kule, usiniite. Nitakuwa njiani.

Mume wako,
Ouma