Njano Huanza Pembeni

Jumatatu, 4 Machi

Kazi imerudi tena. Mara ya tatu! Daktari anasema mchoro wangu unafanana na vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, zambarau huku, njano kule. Anataka rangi ziingiane polepole, kama ngozi inavyopona kweli. Kijitabu ni cha wauguzi, cha kuwafundisha kutambua damu iliyovilia chini ya ngozi nyeusi, maana vitabu walivyo navyo vina picha za ngozi nyeupe tu. Kazi nzuri. Kazi ya maana. Mimi ndiye ninayeiharibu. Ijumaa inakwenda kuchapwa, iwe imekwisha au haijakwisha.

Chiriku bado yuko hapa. Mdogo wangu huyu tulimpa jina la ndege kwa sababu ya domo lake — utotoni hata usingizini alikuwa anasimulia. Jana kaja na begi dogo, akasema amekuja kupumzika, shemeji atamfuata Jumamosi. Basi. Tangu hapo ni ndiyo, hapana, asante. Analala kitandani kwangu, chumba hikihiki chenye meza yangu ya kazi, kageukia ukuta.

Jumanne, 5 Machi

Programu hii ya kuchorea itaniua. Unaweka zambarau mwanzo, njano mwisho, unaiambia iziyeyushe pamoja — nayo katikati inakuletea kijivu! Rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Nikaongeza vituo vya rangi hapo katikati, ikawa mistari kama pundamilia. Nikaacha njia hiyo, nikatandaza wavu juu ya umbo zima, kila fundo na rangi yake, nikawa navuta fundo mojamoja kwa mausi. Nikiziba huku kunavuja kule. Mkono umekufa ganzi na kijivu bado kipo.

Nikampigia daktari. Akanieleza kwa subira kwamba rangi haziwezi kukutajia siku kamili, kila mwili na mwendo wake, ila jambo moja nisilikosee: njano haitokei siku ileile aliyoumia mtu. Ukiiona, jeraha si la leo. Nikamshukuru, nikarudi kwenye mafundo yangu.

Joto kali. Madirisha yote wazi. Chiriku kavaa mikono mirefu mpaka viganjani. Nikamtania kwamba labda anaatamia mayai humo. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi

Jikoni. Alikuwa anateremsha sufuria kutoka rafu ya juu, mkono wa gauni ukashuka mpaka kiwikoni.

Nimeona.

Akawahi kusema ameteleza bafuni asubuhi hii. Nikasema pole. Nikaendelea kumenya vitunguu, nikavishukuru vitunguu. Pembeni mwa ile alama kulikuwa na njano.

Sikufungua kompyuta leo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Mama. Nilidhani atasimama, atalia, atafanya kitu. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Kumbe anajua! Akasema vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Na mimi ambaye sijaolewa nisimfundishe mtu ndoa, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikamjibu: vikombe vikigongana, mbona kila siku kinachomeguka ni kimoja? Heri nisingesema. Akakunja nguo nyingine, kisha akatoa lililonikata maini. Ameshampigia shemeji aje kesho, asingoje Jumamosi, amchukue mkewe kabla majirani hawajaanza kuuliza.

Ameshampigia. Mama yetu mzazi.

Nikamwambia Chiriku tuondoke, mimi na yeye, leo hii. Akauliza twende wapi. Nyumba ni ya Mama, na kazi zangu hizi za kuungaunga hazijawahi kunipatia hata chumba. Akanipigapiga begani, yeye ndiye akanibembeleza mimi! Nimekata tamaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kafika mapema. Nasikia kicheko chake sebuleni, na Mama anacheka naye.

Asubuhi, kabla hajafika, nilikuwa kwenye kompyuta. Daktari alikuwa ameshapiga mara mbili, na mchoro bado wa kijivu. Chiriku akaja kusimama nyuma yangu. Nikataka kuufunga ukurasa, nikachelewa. Aliutazama. Akainama, akaweka kidole kwenye skrini.

"Dada, hapa umekosea. Njano huanza pembeni, inaingia ndani taratibu. Katikati panabaki peusi mpaka mwisho."

Nikamuuliza kati ya zambarau na njano kuna nini.

"Kijani. Hapo ulipoweka majivu, weka kijani, lakini kilichochafuka."

Alisema kwa sauti ya fundi anayemwelekeza mwanafunzi. Maneno mengi kuliko yote ya wiki hii. Nikawa natia kijani kwenye mafundo ya wavu, yeye akisema zidisha, punguza, hapo hapo. Kijivu kikapotea. Rangi zikaingiana, laini, bila mstari hata mmoja. Wiki nzima nimelilia kitu hicho, na sasa kipo mbele yangu nakichukia.

Kisha akasema, bila kunitazama:

"Na usiifanye duara. Vidole haviachi duara."

Nikachora vidole. Vinne, na gumba upande wa pili. Nikatuma. Daktari kajibu papo hapo: hii ndiyo hasa, picha ya kuigia nimeipata wapi? Nimezima kompyuta.

Mama amekuja mara mbili kutuita, anasema mwenzake anamngoja, si adabu. Chiriku amekunja magauni yake, yote ya mikono mirefu, amefunga begi. Mimi nimeufunga mlango, nimekaa sakafuni na mgongo wangu umeuegemea, naandika ili mikono iwe na cha kufanya. Sasa ni shemeji mwenyewe anayegonga. Anagonga kistaarabu. Anauliza kama tuko salama, ananiita dada yake. Mbao zinatikisika mgongoni mwangu kila anapogonga.

Chiriku amechuchumaa mbele yangu, begi begani. Nimemwambia sitoki hapa, labda anikanyage. Amenishika magoti yote mawili.

"Sogea, dada," ananinong'oneza. "Ukimchelewesha, atakayelipa ni mimi."

Anagonga tena.