Mita Moja ya Baraza

Mama Upendo, mke wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto. Mnaendeleaje na baridi ya Njombe? Kifua cha Upendo kimepona? Mimi mwili ni mzima, ila moyo una uchungu. Jumapili uliponipigia simu nilikwambia paa limekwisha. Nilikudanganya. Ndiyo maana naandika, kwa simu ningeshindwa tena.

Unakumbuka Bi Mwanahawa, mjane wa hapa kisiwani, Kirongwe, tunayemjengea, alituahidi chumba cha uani tukae sote watatu, paa likiisha vizuri. Fundi mkuu alipokwenda Kilindoni kufuata bati, aliniachia nikate mbao za kenchi, zile za mshazari zinazobeba bati. Nikapiga hesabu ya shule. Kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba mita nne, kimo cha paa mita tatu. Nne mara nne kumi na sita, tatu mara tatu tisa, jumla ishirini na tano. Kipeuo chake tano. Mbao zilikuwa za mita sita. Nikazikata zote tano kamili, huku najisifu.

Hesabu ilikuwa sawa. Mjinga ni mimi, mtu wa baridi, niliyezoea paa linaloishia karibu na ukuta ili tuote jua. Huku paa hushuka mpaka nje likafunika baraza, na barazani ndiko watu wanakoshinda. Ile mita niliyoitupa ndiyo kivuli chao.

"Mwanangu," Bi Mwanahawa akaniuliza, "na mie n'takaa wapi nisuke ukili wangu wa mikeka, na jua lote hili?"

Wasaidizi wawili, wenyeji, walinishikia mbao nikikata, kimya. Nilipowauliza mbona hawakusema, mmoja akacheka: "Si wewe mwenye hesabu, fundi?" Hilo linaniuma kuliko yote. Fundi mkuu hataki kuunga mbao, anasema paa la viraka litamwaibisha. Mbao nyingine zinasubiriwa kutoka bara, nami nimerudishwa kwenye kuchanganya zege. Chumba kaahidiwa fundi mwingine. Vile vipande vya mita moja moja bibi anapikia.

Basi usifunge mizigo. Kama ulishamwondoa Upendo shuleni, kamwombee tena nafasi.

Nisalimie dada yangu mkubwa na mama mkwe. Nifikishie shikamoo kwa baba mkwe pia, yeye aliyekukataza kunifuata huku. Mwambie ameshinda.

Mumeo,
Baba Upendo