Zamu Uliyoiacha Katikati ya Mto

Mume wangu mdogo,

Wewe Nzioka, kaburi lako halijashika hata nyasi na tayari umeniletea mzee mzima mlangoni anatetemeka kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Mimi bado sijapona mshtuko wa kwanza, wa kukuona asubuhi umeshika kichwa ukisema, "Susu, kinagonga," na jioni naambiwa nilete shuka. Sasa huu wa pili ulikuwa wa nini? Ngoja nikueleze, na leo usinikatize.

Tulikuzika nyumbani Mwingi, kando ya babu yako. Ulipewa jina lake, ndiyo maana mimi nyanya yako tangu uzaliwe nimekuita mume wangu mbele za watu, hata ulipoota ndevu, na wewe ukiona haya bure. Sasa nina waume wawili kwenye udongo mmoja. Nikarudi hapa jijini, mtaani Mashimoni, peke yangu. Nikafungua mlango, nikakuta kompyuta yako iko pale pale juu ya meza, umeifunika na leso yangu ya maua. Hata leso yenyewe hukuniomba.

Nikaifunua nipanguse vumbi. Stima ilikuwepo. Kioo kikawaka, ile ramani ya mchezo wako ikatoka, na vile vimraba vyako vidogo vimejaa kama kunguni kwenye kitanda, vingine vya kijani, vingine vya kijivu. Mimi sikuelewa kitu. Miaka yote hiyo sikuelewa kitu. Lakini kwenye hiyo mashine kuna jambo moja nilikuwa nalijua, kwa sababu ulinifundisha mwenyewe. Ukiwa unakanda chapati, mikono imejaa unga, ulikuwa unaniita: "Susu, nibonyezee hapo." Nabonyeza, ngoma inalia, du-du-du, nawe unacheka peke yako kama mwendawazimu.

Basi nikabonyeza. Nilitaka tu kusikia ngoma, Nzioka. Nyumba ilikuwa kimya, nadhani hata panya walikuwa wamehama. Ngoma ikalia. Nikakaa kitandani na mimi nikalia.

Kumbe nimetuma jeshi vitani!

Siku ya pili, niko jikoni, naona mzee amesimama nje. Kofia mkononi, mvi kichwa kizima, futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni. Namwambia karibu, haingii. Ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nani yuko ndani?"

"Niko mimi na sufuria zangu. Kwani unataka nani?"

Akaikunja kofia. "Basi nani amenitumia zamu ya Nzioka? Mimi nilikuwepo tukimpakia kwenye gari. Jeneza nililishika na mkono huu."

Huyo ndiye Jenerali wako! Wewe ulikuwa kwenye simu Jenerali hivi, Jenerali vile, na mimi nikajua ni kijana mvivu fulani wa huko Kawangware, nimemwekea matusi yake tayari, nangoja tu nikutane naye. Kumbe ni Mzee Odhiambo, fundi wa sare za shule, mtu wa kutoka ziwani, ana wajukuu! Nilishtuka mpaka matusi yakanipotea. Yalirudi baadaye, usijali. Nikamwambia, "Mtu mzima hivi, na meno umebakisha ya kuhesabu, unacheza vita na mume wangu?"

Naye bila haya: "Mama, sisi hatukuwa tunacheza. Tulikuwa tunapigana."

Nikamvuta kwa shati, akaingia. Alipojua kwamba ni mimi niliyebonyeza, alivuta kiti chako akaketi. Halafu akaangalia ramani, akashika mdomo. Akanieleza polepole. Kwamba mlikuwa mnapigana kwa zamu, kila mtu kwenye kompyuta yake, na ngoma ikilia basi zamu imeshatumwa kwa mwenzako. Kwamba ile asubuhi ya kichwa ulikuwa katikati ya zamu. Nusu ya jeshi ulikuwa umeshalivusha mto. Nusu bado. Malori ya mkate na petroli yamebaki huku nyuma kwenye matope. Ulipanga kuyavusha ukitoka kazini kwenye mjengo, na hukutoka nyumbani ila kwa kubebwa. Sasa zamu imekwenda vile vile, nusu nusu, na kwenye hivyo vita vyenu kitu kikishatumwa hakirudishwi. Watu wako wamekaa ng'ambo bila chakula. Kwa kidole changu.

Nikakumbuka ulivyokuwa unaniambia, "Susu, bado siwezi kutoka, wacha matope yakauke." Nachungulia nje, kumekauka mpaka vumbi linapaa, nakuita mwongo na mvivu. Kumbe ni matope ya mle kwenye ramani, ya vita vya zamani vya Wazungu! Mzee ananiambia hata farasi kwenye hiyo ramani wanachoka, hata daraja lina kipimo cha uzito linaobeba, na zamu moja yaweza kumla mtu mchana kutwa. Nikamwuliza, kwani vita vyenyewe vilichukua muda gani huko kwao? Akasema havikufika mwaka. Na nyinyi? Huu ni wa tatu. Nzioka! Wazungu wenyewe walipigana, wakamaliza, wakazika watu wao, wakaenda nyumbani, nanyi wawili mmekwama mtoni!

Nilimwuliza lile lililonikaa kooni: mtu anapata nini hapa? Akakunjakunja futi yake. Akasema, "Mama, mjengoni kijana wako anaambiwa beba mawe, peleka pale. Hajui nyumba ni ya nani, hajui kesho ataitwa au hataitwa. Hapa alikuwa anajua kila kitu, mpaka buti za askari. Na akikosea, ni yeye amekosea."

Nilikumbuka siku ile nilikugombeza kwa kupoteza wakati, ukaniambia, "Susu, wewe ukisuka kiondo, ukikosea uzi mmoja unakifumua chote unaanza upya. Mimi si ni mjukuu wako?" Nilikurushia kiatu. Ulistahili, githeri yangu, mahindi na maharagwe yote, ilikuwa imeungua.

Sasa sikia alichotaka huyo Jenerali. Anasema angeweza kuwamaliza watu wako mara moja, lakini hataki, kwao mtu hashambulii boma lenye matanga. Akanionyesha kibendera cheupe pembeni. Nikibonyeza hapo, vita vinafungwa kwa heshima. Heshima gani? Jina lako libaki humo limeandikwa umekubali kushindwa, na aliyekubali ni mimi, na wewe huna habari? Nikamwambia, "Mzee, hilo jina ni la waume wangu wawili. Halikusalimu amri kwa mkoloni, halitasalimu amri kwa fundi cherehani. Nionyeshe lori linaendeshwaje, kisha nenda Kawangware ukapige. Na upige kweli. Ukimhurumia nitajua."

Nisingejua chochote. Lakini yeye hakuwa na habari.

Akapiga. Mbwa yule, alipiga kweli! Zamu ilipoingia nilikuta vimraba vya kijani vimepungua, nikashika kichwa kama nimeletewa habari za msiba. Nikainjika maharagwe, nikakaa kwenye kiti chako nivushe malori. Moja moja, Nzioka. Hili halina petroli. Hili dereva wake amechoka, na nimesoma jina la mkubwa wake, jina refu halitamkiki, nikamwonea huruma kama mtoto wa jirani. Hili limeziba daraja, kulirudisha nyuma ni kurudisha yote. Nikafumua. Nikaanza upya. Malori matatu yakavuka, nikapiga kelele peke yangu.

Halafu nikasikia harufu.

Maharagwe yalikuwa mkaa, na sufuria imetoboka. Jua lilikuwa limeshakwenda na mimi nilikuwa nimekaa baada ya chakula cha mchana tu. Mama wa nyumba ya pili anasema alibisha hodi mara mbili, alidhani nimezirai. Sikusikia. Mimi! Ninayesikia mtu akifungua kiberiti huko Lindi, mtaa wa pili!

Nilisimama na sufuria mkononi nikingoja mtu anigombeze. Hakuna aliyenigombeza.

Siku zote nilikuwa nakuuliza, "Nzioka, uko wapi?" na wewe umekaa hatua moja kutoka kwangu. Sasa nimejua ulikuwa wapi. Siombi msamaha, maharagwe yangu ulikuwa unayachoma kweli. Lakini nimejua.

Sasa lala, mume wangu. Msalimie mwenzako hapo kando, mwambie asikuulize maswali mengi, utamweleza vita vya mto na hatapata usingizi tena. Mzee Odhiambo anasema nitashindwa. Nitashindwa, najua, malori yenyewe mengine yamezama. Lakini hicho kibendera cheupe sitakigusa hata nife. Nitawavushia wote mkate kwanza. Na nikimaliza zamu nitakubonyezea pale pale, kwa mikono yangu ya unga. Ukisikia ngoma, ni mimi.

Susu wako