Kivuli Nilichokikata kwa Mkasi

Mpendwa kaka Okoth,

Kesho tunashuka na mama kwenda nyumbani ziwani. Wazee wameamua kuzika tunda la yago badala yako, kama ilivyo desturi kwetu mtu akipotea na mwili usionekane. Tangu asubuhi situlii hapa studio yangu ya picha. Nakaa, nasimama, nafunga dirisha nililokwisha kulifunga. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua zako zote za keya, jeshi la Mwingereza, zilikuja kwa Kiswahili, na tulikucheka kwamba jeshi limekufanya mtu wa pwani.

Unaikumbuka ile safari? Ulikuwa dereva wa lori la ngozi, mimi ndiyo kwanza nimepewa kamera na tajiri wangu, na filamu ya picha nane. Tulitoka Kisii kwa baridi, tukapita Kilgoris, tukateremka hadi kwenye nyika. Nilijua kuna nyumbu. Sikujua kama dunia ina nyumbu wengi hivyo. Nchi yote ilikuwa inatembea, vumbi limepanda, na kelele zao utadhani baraza la wazee waliokosana.

Ukasimama kando yangu, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwetu. Ukaniambia, "Omera, ndugu yangu, nipige mimi kwanza, hao wawe nyuma yangu. Mama apate ya kuweka ukutani."

Nikakujibu, "Subiri bwana! Nyumbu wanakimbia. Wewe unakimbilia wapi?"

Nikapiga moja, nikapiga mbili, nikapiga zote nane. Hukukasirika. Ulicheka, ukasema mpiga picha gani huyu anayewajua ng'ombe wa porini kuliko ndugu yake. Mwezi haukuisha ukaingia keya, ukapelekwa vitani Bama, kisha ikaja ile barua ya serikali kwamba hujulikani ulipo.

Kaka, nimepiga picha nusu ya mji huu. Makarani, maharusi kutoka Manga, wachungaji, hata mbwa wa karani mmoja aliyevalishwa tai. Wewe sina hata moja. Jambo hilo limenila miaka yote hii, na nyumbu wenyewe, nasikia, kila mwaka wanaondoka na kurudi.

Juzi mama alikataa safari. "Siwezi kuzika tunda la mtoto ambaye sura yake imeanza kunitoka," alisema. "Wewe kazi yako ni sura za watu. Ya ndugu yako iko wapi?" Na bila yeye, wazee hawataanza.

Nikateremsha lile kopo la filamu za zamani. Ile picha ya nyumbu iliyoko dirishani, inayosifiwa na kila mteja, niliikata sehemu ya chini kwa mkasi siku ileile niliyoisafisha. Tajiri alisema kivuli cha watu kinaharibu picha, nami nikakikata bila kukitazama mara mbili. Leo nimeichapa upya, nzima, bila mkasi.

Vivuli viko viwili juu ya majani. Kimoja kimeinamia kamera, ni mimi. Kingine kimesimama kando, mkono umeinuliwa kichwani, umeshika kitana. Nilikitazama muda mrefu kabla sijaelewa. Ulikuwa unachana nywele. Nilikuwa nawapiga nyumbu, na wewe ulikuwa kando yangu unajiandaa, unangoja zamu yako.

Niliona aibu, kaka. Nililia.

Nilimpelekea mama ingali na unyevu. Hakuuliza yupi ni nani. Aliweka kidole palepale. "Mkono wa kushoto," akasema. "Nilimchapa sana kwa ajili ya mkono huu, na hakuuacha." Akaifuta kwa khanga, ingawa haikuwa na vumbi, akaanza kufunga mzigo wake wa safari.

Kwa hiyo tunakwenda. Nitamshika mama mkono, nitatupa udongo kama wengine, na nitaimba wimbo nitakaoambiwa niimbe. Sijui kama moyo utatulia baada ya hapo. Nadhani hautatulia.

Kamera naibeba. Nimeshapiga saba, imebaki nafasi moja. Jamaa wataniomba, wataniita mchoyo, nami nitawaambia filamu imekwisha. Hiyo ni zamu yako, na safari hii nangoja mimi.

Mdogo wako,
yule uliyemwambia akupige kwanza.