Nimemzika Mke Wangu kwa Simu, Naye Yuko Ndani Anachuja Asali

Mpendwa mshauri Bi Consolatha, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba jina langu lisitoke gazetini, maana mimi ni fundi cherehani hapa Mtendeni na wateja wangu ni watu wa maneno.

Nina mke, nimwite Ummy ingawa silo jina lake, na kama una umri wa kutosha basi umewahi kumcheza, kwa sababu miaka ile hakukuwa na harusi kuanzia Kigoma hadi Dodoma iliyokwisha bila nyimbo zake, na akiimba redioni hata mimi mumewe nilikuwa naacha kushona. Miaka tisa iliyopita akapata uvimbe kooni, akapasuliwa, daktari akamwambia apumzishe sauti mwaka mmoja, na mwaka mmoja ukazaa mwingine, na huo ukazaa mwingine, na mimi, Bi Consolatha, sikuwahi kumwambia usiimbe, ila pia sikuwahi kumwambia imba. Ametulia nyumbani. Ananunua asali mbichi kwa mama mmoja wa Ntalikwa anayeitwa Tekla, anaichuja, anaitia kwenye chupa, anauza, na akichuja huimba kidogo kidogo kama mtu anayejisemesha, na mimi husimamisha cherehani nikajifanya natunga uzi.

Sasa ikaja simu. Ilikuja kwangu kwa sababu namba yangu ndiyo iliyoandikwa kwenye majalada ya CD zake za zamani. Mpigaji ni kijana anaitwa Majidi, amezaliwa Denmark, baba yake Mzaramo wa Kisarawe, kazi yake kuandaa maonyesho ya muziki, anasema watu wetu walioko nje hawajamsahau Ummy hata siku moja, na amempangia ziara ya wiki sita: waanzie Bujumbura, waende Kampala, wavuke hadi Muscat ambako kuna watu ambao bibi zao walizaliwa hapahapa Tabora, wamalizie Copenhagen. Wapiga vyombo wameshapatikana, linalosubiriwa ni neno la mwenyewe tu. Akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee, naweza kuongea na mama?"

Aliposema Mzaramo, mimi Mnyamwezi nikapandwa na utani. Wewe unajua, sisi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wanabeba mizigo kwenda pwani, na mtani unamwambia chochote na hakasiriki. Nikamwambia, "Mzaramo gani wewe unapiga simu bila hata kuku? Umechelewa, huyo tumeshamzika. Lete rambirambi!" Nikangoja anijibu kama Mzaramo kamili, aniambie sisi Wanyamwezi vichwa vyetu ni bapa kwa mizigo. Badala yake nikasikia mtu mzima analia. Analia kweli, na kamasi. Akasema innalillahi, akaniomba radhi kwa kunisumbua nikiwa kwenye msiba, akakata.

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Ningeweza kumpigia palepale, simu ilikuwa mkononi na salio lilikuwamo. Sikupiga. Niliiweka simu kwenye droo ya vifungo nikaendelea kupinda suruali ya mtu, nikajiambia nitampigia baada ya alasiri, nikasali alasiri, nikasahau kwa makusudi. Leo ni siku ya kumi na saba.

Jumamosi iliyopita Tekla akaja dukani, hakupitia nyumbani kwanza kama kawaida yake. Akatua ndoo ya asali, akanionyesha simu yake. Mpwa wake yuko Bujumbura, kamtumia tangazo: picha ya mke wangu katikati ya mishumaa, mke wangu Mwislamu, na maandishi "Usiku wa Kumkumbuka", na binti mmoja sijui wa wapi ndiye atakayeimba nyimbo zake, tarehe thelathini.

"Fundi," Tekla akasema, "mimi juzi huyu marehemu kanirudishia ndoo."

"Mitandao hiyo, Mama Tekla. Wanazua."

"Mpwa wangu kawauliza. Wanasema habari imetoka kwa mume."

Nikatafuta mkasi ambao nilikuwa nimeushika.

"Nyie wanaume wa mjini mna haraka," akasema. "Kwetu mtu akichoka na mke anamrudisha kwao, na mbuzi juu. Wewe wa kwako umempeleka moja kwa moja kwa Mungu!"

Akajitwika ndoo yake. Akasema ananipa mpaka Ijumaa hii niseme mwenyewe.

Mke wangu yuko kama kawaida, ila tangu Jumapili anakunywa maji ya moto na tangawizi asubuhi, na jana aliimba wimbo wake mmoja mwanzo hadi mwisho, hata ile sehemu ya juu ambayo hakuwahi kuigusa tangu apasuliwe. Akaniuliza pasi yake ya kusafiria iko wapi, nikamwuliza ya nini, akasema panya wasije wakaitafuna. Halafu leo kaniletea chai dukani, akasimama mlangoni na kikombe, akasema, "Hivi Baba Kulwa, mtu akifa, nguo zake hupewa nani?" Nikasema hupewa wenye haki. Akasema, "Aha," akaweka chai akaenda zake.

Nifanyeje? Nikimwambia, ama ataniacha kwa hasira, ama ataenda huko kwenye mataa na vifijo na hataona sababu ya kurudi kwa mtu wa kupinda suruali. Nisipomwambia, binti wa watu ataimba nyimbo zake na Tekla atasema. Juu ya kabati la duka kuna kitambaa cha buluu, satini nzuri, alikinunua kwa ajili ya onyesho wiki moja kabla ya ule uvimbe. Sijakikata, naye hajawahi kukiulizia. Nimefikiria kutuma wazee, au nimwone imamu, au nitafute Mzaramo yeyote hapa mjini aje amwambie kwa utani, ili acheke kabla hajakasirika.

Ni mimi, Fundi Asiyetaka Kutajwa, Mtendeni.

*

Marahaba, Fundi Asiyetaka Kutajwa.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Mtaa, kazi, asali na koo la mkeo umeviandika mwenyewe, kwa hiyo aliyekujua ameshakujua. Barua yako imenifikia jana, na nimemwomba mhariri aweke kando barua ya bwana mmoja anayegombana na mkwewe juu ya jogoo. Jogoo atasubiri. Wewe Ijumaa yako ni leo.

Nianze na utani, maana umejificha nyuma yake. Mimi ni wa Isikizya, nimeshaona mtani akijilaza ndani ya kaburi akikataa kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wakicheka huku machozi yanawatoka. Sina neno na utani. Lakini mchezo huo huchezwa na wawili, na kijana wa Denmark hakujua kama yuko uwanjani. Tena una kikomo kinachojulikana hata na watoto: unayemtania akilia, unamwambia "nakutania" na unamshika mkono. Ulimsikia analia. Mpaka pale ulikuwa mtani. Ulipofunga ile droo ya vifungo ukawa mwongo, tena mwongo mwenye salio.

Hata hivyo sikuoni kama mtu mbaya. Mwanamume mbaya hasimamishi cherehani. Miaka tisa unaziiba nyimbo za mkeo mwenyewe, unajifanya unatunga uzi, na hujawahi kumwambia kwamba unasikiliza. Ulichoogopa ni kwamba Muscat wakimsikia hawatakurudishia. Hofu hiyo ningeihurumia zaidi kama usingeitumia kuchimbia kaburi. Lakini jiulize, fundi: alikuwa anachezwa kuanzia Kigoma hadi Dodoma, mataa aliyaona na vifijo alivisikia, kisha akaja kukaa na wewe. Kwani alikuwa hajui unapinda suruali?

Sasa nikuambie usichokiona. Mkeo anajua.

Isome tena barua yako kama vile imeandikwa na jirani. Tekla kakupa wewe mpaka Ijumaa. Ni wapi alipokuambia kwamba yeye atanyamaza mpaka Ijumaa? Alijitwika ndoo, na ndoo ile ilikuwa na asali ya kupelekwa kwa nani? Kesho yake tangawizi. Kisha pasi. Kisha mwanamke mzima anasimama mlangoni na chai yako mkononi anakuuliza nguo za marehemu hupewa nani. Baba Kulwa, alikuwa anakufungulia mlango. Nawe ukamjibu kama kadhi.

Na tazama alivyoipokea habari ya kifo chake. Hakufunga mzigo kwenda kwao. Hakuja kukuvunjia sindano mbele ya wateja. Aliupanda wimbo wake mpaka ile sehemu ya juu, mahali ambapo anajua fika utamsikia. Mtu anayetaka kuachika hajisumbui hivyo. Huyo anajipima kama bado anaweza, na anakungoja uwe wa kwanza kumwambia ndiyo, unaweza.

Basi hakuna cha wazee wala imamu. Na Mzaramo wa kukodi mwache apumzike. Mtani huja baada ya ukweli, kuupoza, hatangulii mbele yake. Gazeti hili likikufikia, funga duka kabla ya swala ya Ijumaa, ingia ndani, kaa chini kwenye kigoda, umweleze yote kwa mdomo wako mwenyewe, droo ya vifungo ikiwemo. Usianze na "shetani alinipitia". Shetani hakuwa na simu. Usibebe kanga mpya ya kumlainisha. Akilia mwache alie. Akicheka, usicheke naye mpaka amalize, maana huenda hachekei unachodhani.

Kisha mpigie Majidi, mpe mkeo simu, wewe utoke uani. Yule kijana atalia tena, na safari hii ni halali yake. Kwenda au kutokwenda, ni neno la mwenye sauti, wala usichungulie dirishani kujua amejibu nini. Yule binti aliyeandaliwa kuimba asifukuzwe. Marehemu mwenyewe ataamua waimbe pamoja au vipi. Na Majidi akifika Tabora, kuku ni juu yako. Mtani kamili hulipa faini akivuka mpaka.

Utaniuliza, je, asiporudi? Babu zako, unaojivunia, walitembea miezi kwenda pwani na pembe mabegani, na bibi zako wakalima wakangoja, bila barua wala simu. Wewe unaombwa ungoje wiki sita, umekaa kitini, na ile treni ya Kigoma inayompeleka ndiyo hiyohiyo inayorudi.

Halafu shusha kile kitambaa cha buluu, kikung'ute vumbi. Ila usikikate kwa vipimo vya daftari la zamani. Mwite asimame mbele yako, umpime upya, na kifuani umwachie nafasi ya kuvuta pumzi.