Pipa la Ukutani Kule Italia

Kendu Bay, Jumapili, mwezi wa nne, 1966

Mvua tangu asubuhi. Ziwa silioni, nalisikia tu. Niko jikoni kwa mama mkwe, daftari juu ya goti, na moyo ni mzito kama blanketi lililoloa.

Nilikuja kumchukua mwanangu Akoth, nirudi naye Homa Bay. Amekataa.

Nilimwacha ana mwaka mmoja na miezi miwili, nikaenda Italia kulea watoto wa Signora, bibi wa Kiitaliano, mke wa injinia wa barabara pale Homa Bay. Miezi minane. Nilijiambia miezi minane ni nini. Sasa nimerudi, mwanangu anakimbia, anaongea, na anayemwita mama ni nyanya yake. Mimi ananiita wendo. Mgeni.

Leo wifi yangu amecheka mpaka akashika mbavu. "Akoth, mpe mgeni kiti! Ametoka kwa Wazungu huyu, asikae chini!" Na mtoto kweli akaburuta kigoda, akaniletea, akarudi mbio kujificha nyuma ya nyanya yake. Mimi pia nilicheka. Halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Tangu hapo naiwaza monasteri moja ya kule Italia.

Signora alitupeleka Jumapili moja, mtoto wake mdogo nikiwa nimembeba mgongoni. Sijawahi kuona nyumba kama ile. Kwa nje ni ukuta tu, mrefu, kama umewanunia watu wa barabarani. Ukiingia ndio unakuta uzuri wote umefichwa ndani: uwanja wa mraba, kisima katikati, na baraza inauzunguka pande zote nne, imeshikwa na nguzo nyembamba za mawe, mbili mbili, kama wasichana wanaokwenda kuteka maji. Juu ya kila nguzo wamechonga kitu: ndege, majani, uso wa mtu. Nilitafuta mbili zinazofanana, sikupata. Nilimshukuru Mungu kwa kunifikisha pale.

Kisha mzee mmoja anayetunza funguo za pale akatuonyesha tundu ukutani karibu na mlango, na ndani yake pipa la mbao lililokatwa upande mmoja, linazunguka. Nilidhani ni la kupitishia mikate. Signora akanieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Zamani mama nakuja, naweka toto ndani, nazungusha. Toto naingia kwa masista. Mama nakwenda. Kwisha."

Kwisha.

Nikamwuliza, na mama akitaka kumwona tena? Akamwuliza mzee. Mzee akasema wengine walikuwa wanakuja kanisani, wanasimama nyuma, wanaangalia watoto waliopangwa mstari, wanakisia mtoto wao ni yupi.

Niligusa lile pipa. Mbao zimelainika kwa mikono ya watu. Mtoto wa Signora alikuwa amelala mgongoni mwangu, na mimi nilitabasamu tu, kama mtu anayeonyeshwa sufuria mpya.

Mimi namjua wangu ni yupi. Yeye ndiye hanijui.

Mchana nilitaka kumbeba kwa nguvu, alie mpaka achoke, twende. Mama mkwe akanishika mkono. Hakuwa na hasira.

"Nyar Kadem," akasema, maana mimi ni binti wa Kadem, kule Migori, "ukimbeba akilia leo, atalia kila akikuona. Kaa hapa."

"Mpaka lini, mama? Kesho ni kazi."

"Kwani mimi nilimzoea kwa siku moja?"

Signora alishaniambia wazi: siku nikikosa, anachukua yaya mwingine. Na baba Akoth anaipenda ile kazi kuliko mimi ninavyoipenda.

Nimemwandikia Signora barua. Mistari mitatu, na makosa yangu ya darasa la nne. Nimesema kesho siji, wala kesho kutwa, mtoto wangu ananihitaji. Hilo la mwisho si kweli. Ni mimi ninayemhitaji.

Mwalimu jirani ameondoka nayo kwa baiskeli kwenda Homa Bay mvua ilipopungua. Sasa hivi ameshavuka mto, hata nikikimbia simpati. Baba Akoth hajui chochote. Nitamwambia nini?

Akoth amekaa upande wa pili wa moto, ananitazama nikiandika. Nikiinua macho anageuza uso. Nikiinamia daftari, anatazama tena.

Asubuhi nitampikia uji mimi mwenyewe. Akiukataa, nitapika kesho kutwa.